Baba yangu fundi, ramani za Kiingereza na penseli ya marehemu mama: nilivyoitumia AI

Wakuu, heshima kwenu.

Ninachoandika kimetokea nyumbani kwetu Sumbawanga na mhusika ni baba yangu mzazi. Nilimwomba ruhusa kwanza. Akacheka, akasema andika ila jina langu uliache. Kwa hiyo majina hamtayapata, mengine yote yako kama yalivyokuwa.

(Najua nikitaja Sumbawanga tu kuna watu wanakuja na utani wao wa uchawi na ungo. Leo naomba mnipishe.)

Baba ni fundi ujenzi. Miaka zaidi ya thelathini kajenga madarasa, zahanati na nyumba za walimu, kuanzia hapa mjini mpaka Namanyere na kule chini Kipili ziwani. Mama alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Mimi ni binti yao wa mwisho, nachora ramani za majengo kwenye ofisi moja ndogo hapa mjini.

Mama alifariki miaka miwili iliyopita.

Baada ya msiba, baba akaacha kazi kubwa. Mkandarasi akipiga simu anaambiwa mgongo unasumbua. Akawa anajenga uzio, banda la nguruwe, choo cha jirani.

Mgongo gani huo, mtu anabeba mfuko wa saruji peke yake? Sisi watoto tukasema ni huzuni, tumwache apumzike.

Mwaka huu mvua zilipokatika nilikuwa natafuta hati ya kiwanja kwenye sanduku la mama. Chini kabisa nikakuta ramani za majengo, zimekunjwa vizuri, nyingi kweli. Zote ni kazi alizowahi kufanya baba.

Na zote zimeandikwa pembeni kwa penseli, mwandiko wa mama. Ule wa ubaoni.

"Nondo nne, mbili juu mbili chini."

"Hapa usimwage zege mpaka injinia aone."

Kwenye ramani moja ya huko milimani kaandika: "Baba watoto, sweta liko chini ya begi. Upepo wa huko si wa mchezo."

Nilikaa chini pale pale sakafuni.

Baba aliporudi nikamwonyesha. Hakukasirika. Alizishika zile karatasi kama mtu anayeshika mtoto mchanga, kisha akaniambia taratibu, "Kiingereza sikijui, mwanangu. Mama yako ndiye alikuwa ananisomea."

Ndipo akanieleza. Akipewa ramani alikuwa anasema anakwenda nayo nyumbani kuisoma kwa utulivu. Wanakaa jikoni, mama na kamusi yake, anatafsiri maelezo moja moja huku baba akimweleza kila kitu kinaitwaje saiti. Asubuhi baba anarudi kazini anajua kila kona. Watu wakamwona fundi makini asiye na maneno mengi.

Mama alipoondoka, akabaki na michoro asiyoweza kuisoma. Na aibu ya kusema.

Wakuu, mimi nachora ramani kila siku, na maelezo yote naandika kwa Kiingereza kwa sababu ndivyo nilivyofundishwa chuoni. Sikuwahi kujiuliza anayesoma ni nani.

Wakati huo kulikuwa na mkandarasi anatafuta fundi mkuu wa kujenga wodi ya wazazi, kijiji kimoja upande wa ziwani. Alishampigia baba mara mbili. Nikamwambia akubali, maelezo nitayashughulikia mimi.

Ramani ilipokuja, karatasi zinapita ishirini. Nami nina kazi ya ofisi. Nikaona nitumie AI: napiga picha kila karatasi, inasoma maelezo ya Kiingereza, inaniandikia ya Kiswahili palepale kwenye mchoro.

Jaribio la kwanza lilileta vitu kama "uimarishaji wa chuma wa kimlalo". Baba akasoma polepole, akaniuliza kama hiyo ni taarifa ya habari.

Nikachukua zile ramani za mama. Nikaandika maneno yake yote kwenye laptop, moja baada ya jingine, nikaipa AI na kuiambia ifuate uandishi huu huu. Ilituchukua Jumapili tatu, tukitoka kanisani. Baridi ya Juni mnaijua, tulikuwa tunakaa na jiko la mkaa katikati.

Jumapili ya tatu AI ikatoa ukurasa wa msingi: "Nondo nne, mbili juu mbili chini. Ringi kila sentimita ishirini."

Baba akavua miwani. Akasema, "Ndivyo alivyokuwa anaandika." Halafu akatoka nje. Nikamwona dirishani kasimama anatazama bustani ya maharage. Sikumfuata.

Sasa sikilizeni hapa, hasa mnaofanya kazi za ujenzi.

Tulipofika kwenye jukwaa la tenki la maji, AI iliandika boriti iwekwe nondo za milimita 12. Mimi mwenye cheti nikapita. Baba akaweka kidole pale.

"Tenki la lita elfu tano likae juu ya kumi na mbili? Angalia tena."

Nikaangalia karatasi yenyewe. Mkunjo ulipita juu ya namba, haisomeki. Nikampigia injinia aliyechora. Akasema ni kumi na sita.

Hilo jukwaa liko juu ya mlango ambao akina mama wajawazito watapita kila siku. Nikafunga laptop, sitawaficha.

Baba ndiye aliyenituliza. Akasema mama alikuwa asipoelewa mahali anaweka alama ya kuuliza, na yeye kesho yake anakwenda kumuuliza injinia. Hii mashine haiulizi.

Nilirudia karatasi zote. Safari hii niliiambia AI kila isichokisoma vizuri iweke alama ya kuuliza na isibahatishe. Zilitoka alama kumi na moja. Tukazipeleka zote kwa injinia, akajibu kila moja, akapitia na maelezo mengine yote, akasaini.

Siku ya kuanza kazi nilimsindikiza baba. Mkandarasi akauliza mbele ya mafundi wote kwa nini ramani hii ina Kiswahili. Nilitaka kujibu mimi. Baba akanitangulia.

"Ni kwa ajili yangu. Kiingereza sisomi."

Nilitazama chini.

Aliyezungumza wa kwanza ni fundi wa nondo, kaka mmoja Msukuma ambaye wazazi wake walihamia huku na ng'ombe. Akaomba apewe nakala moja. Akasema miaka yote yeye hutazama fundi mkuu anafanya nini, naye anafuata. Kisha fundi seremala akaomba ya kwake. Mpaka tunaondoka, waliotaka nakala walikuwa sita.

Sita, wakuu. Kila mmoja alikuwa anajificha kwa mwenzake.

Wodi imeezekwa mwezi uliopita. Mgongo wa baba umepona, hatujui umetibiwa na nani.

Nilichojifunza: AI inasaidia kweli, ila ipe maneno ya watu wa kazi, na usiiamini kwenye namba bila injinia kupitia. Mwenye macho ya saiti mkalishe karibu, hata kama hana cheti. Na sisi wachoraji tuwaandikie mafundi kwa lugha wanayoisoma. Ramani zangu siku hizi zina lugha zote mbili.

Waliokutana na hili kwenye saiti zao wamefanyaje? Kuna mtu ana orodha nzuri ya maneno ya ufundi kwa Kiswahili? Mafundi mliomo humu, msione aibu.

Baba kasema majibu atayasoma mwenyewe, kwa hiyo Kiingereza wekeni pembeni.