Usinipe Bunduki Iliyofungwa

Jumamosi ile naikumbuka kuliko siku ya harusi yangu, mwanangu, na nikiikumbuka damu inanichemka hadi leo. Juzi ulipokaa hapa sebuleni ukanionyesha kwenye simu picha za bunduki za kale, ukaniambia, "Mama Mkubwa, everybody wants one now," kisha ukauliza kwa sauti ya upole iwapo bunduki ya Mzee Anyosisye bado ninayo, nilikujibu kwamba nitafikiria. Nilikudanganya. Nilikuwa najizuia nisikumwagie maneno usiyostahili, kwa sababu anayestahili ni baba yako. Sasa nimetulia kidogo. Nisikilize, halafu tutajua kama bunduki hiyo utaipata.

Mzee Anyosisye hukumkuta. Alikuwa kaka mkubwa wa babu yako, kwa hiyo mume wangu na baba yako Gabrieli walimwita Baba Mkubwa, na mimi nilipoolewa nikamwita hivyo hivyo. Alikuja Minnesota kusomea uhandisi zamani sana, enzi ambazo Mtanzania akimwona Mtanzania mwenzake barabarani alisimamisha gari. Likizo alikuwa akifikia kwa mkulima mmoja wa Kizungu, mjane, mwenye shamba la mahindi kule kusini. Mkulima huyo ndiye aliyemfundisha kuwinda fezanti, wale ndege wenye mikia mirefu wanaojificha kwenye mabua baada ya mavuno. Alipozeeka alimpa Baba Mkubwa bunduki yake. Hakumwuzia. Na kwa kuwa Baba Mkubwa alikuwa mfupi, yule mzee alichukua msumeno akakata kitako mwenyewe hadi kikamkaa begani sawasawa. Mkulima alipofariki, binti yake aliendelea kumkaribisha Baba Mkubwa, naye kila vuli, majani yanapopukutika, alikwenda akatembea kwenye shamba lile siku nzima. Wakati mwingine alirudi na ndege, wakati mwingine alirudi na matope tu, na furaha ilikuwa ile ile.

Mimi si mpiga bunduki, lakini sikulaumu kuipenda. Mitutu yake miwili imelala ubavu kwa ubavu, myembamba, na ni nyepesi kuibeba. Ina triga mbili, kila mtutu na yake. Mmoja hutawanya marisau, zile chembe za risasi, kwa upana kwa ndege wa karibu, na mwingine huyabana kwa ndege anayekimbilia mbali, na mwenye bunduki huchagua kwa kidole chake tu. Chuma chake kimechorwa maua kwa mkono wa mtu, na maua hayo yamefifia pale vidole viliposhika. Vijana wa siku hizi mna bunduki mpya zinazojijaza risasi zenyewe, na bado mnazililia hizi. Naelewa. Kitu kilichotengenezwa kwa uangalifu hakichoshi macho.

Uzuri ambao Baba Mkubwa aliupenda zaidi ulikuwa mwingine. Bunduki hii hufunguka katikati, mitutu ikainama kama mtu anayefunga kamba za viatu, na kila aliye karibu anaona kama ina risasi au haina. Baba Mkubwa hakuibeba mbele ya watu bila kuifungua. Hakumpa mtu ikiwa imefungwa, na hakuipokea ikiwa imefungwa, hata kama aliyempa alikuwa mchungaji wetu.

Sasa tuje kwa baba yako. Nani alimtumia tiketi ya ndege? Baba Mkubwa. Alilala kwa nani miaka yote ya chuo? Kwa Baba Mkubwa, Roseville, chumba cha chini, na mzee alikuwa akiamka kabla yake kumkwangulia barafu kwenye kioo cha gari ili asichelewe darasani. Hayo sikuhadithiwa, niliyaona. Kisha baba yako akapata kazi nzuri ya kompyuta, akapanga karibu na sisi huku Burnsville, akajiunga na wenzake wa kazini kwenye uwanja wa kulenga sahani za udongo zinazorushwa hewani. Ilikuwa miaka ile watu wameanza kukesha kwenye mtandao wakibishana kuhusu bunduki za kale, nani ana ipi na ilitoka ukoo gani. Gabrieli naye akaingia humo mzima mzima. Kwa Baba Mkubwa alikuwa hajakanyaga tangu Pasaka. Siku moja akaibuka na boksi la matunda.

Alitaka kuazima bunduki akawaonyeshe wenzake. Mzee alifurahi, jamani, alifurahi mpaka nikaona huruma. Alimweleza kila kitu. Atumie risasi nyepesi tu, kwa sababu chuma ni cha zamani. Aifunge kwa mikono miwili, polepole, asiifunge kwa kuitingisha kwa mkono mmoja kama watu wa sinema, maana ile bawaba ya pale inapofungukia ikilegea, bunduki imekwisha. Airudishe kabla ya msimu wa fezanti. Gabrieli akaitikia ndiyo, ndiyo, ndiyo.

Jumamosi hiyo mzee akaniomba nimpeleke uwanjani akamtazame mwanawe akilenga. Alivaa koti lake la kanisani. Tukashuka na barabara kuu kuelekea kusini, majani yameshakuwa mekundu, naye njia nzima ananisimulia namna Gabrieli alivyokuwa mwoga wa theluji alipofika. Tulipofika tukawakuta wanaume wamemzunguka baba yako, bunduki iko katikati yao, wanaishangilia. Mmoja mwenye kofia ya sufu anapapasa yale maua. Hakuna aliyegeuka kutusalimu. Tukasimama nyuma yao, karibu kabisa, na Gabrieli alituona. Nasema alituona, kwa sababu macho yetu yalikutana.

Mwenye kofia akamwuliza bunduki imetoka wapi. Baba yako akajibu, kwa Kiingereza kilichonyooka, kwamba imetoka kwa familia moja ya kale ya huku, na aliinunua mzee wao alipofariki. Wakaguna kwa kuvutiwa. Mwenye kofia akageuka, akamwona Baba Mkubwa na koti lake, akauliza, na huyu je?

"Huyo? Ni mtu wa kanisani kwetu," baba yako akasema. "Amekuja kutazama."

Mwanangu, nilitaka kumrarua. Nilishamwita jina, Baba Mkubwa akanishika mkono. Mzee yule aliishi na Kiingereza miaka mingi kuliko umri wa baba yako, hakukosa neno hata moja. Akatembea hadi katikati ya wale watu.

"Gabrieli. Nipe bunduki."

Gabrieli akaifunga bila kutazama ndani, kwa kuitingisha kwa mkono mmoja, kama watu wa sinema, akamnyooshea, mitutu ikinielekea mimi niliyemfuata mzee. Mzee akaacha mikono yake ining'inie.

"Sipokei bunduki iliyofungwa. Ifungue."

"Baba Mkubwa, iko empty. Relax basi."

"Ifungue."

Akaifungua. Kwenye mtutu wa kushoto palikuwa na risasi nzima, haijapigwa, na mitutu hiyo muda mfupi kabla ilikuwa imeelekea tumboni kwangu. Ilikuwa risasi nzito pia, ile ile aliyokatazwa. Baba Mkubwa akaitoa akaitia mfukoni, akaipokea bunduki, akailaza wazi kwenye mkono wake. Kisha akasema kwa Kiswahili, bila kupandisha sauti.

"Mimi ni mtu wa kanisani kwenu?"

Baba yako alitazama viatu vyake.

"Inafunguliwa ili kila aliyepo aone kilichomo," mzee akasema. "Ukiificha risasi unaweza kuniua. Ukinificha mimi, hapo umeshaniua. Kama unaniona aibu, ungeniambia, ningebaki nyumbani."

Mwenye kofia akauliza kuna nini, mzee anasema nini. Na hapa ndipo hasira yangu inapogawanyika, maana mimi nisingemsitiri Gabrieli hata kidogo. Ningemwaga yote pale pale, kwa Kiingereza, waijue familia ya kale. Baba Mkubwa alimwangalia yule mtu akamjibu kwa adabu kwamba anamwuliza mwanawe kama amekula.

Mwanawe. Mbele ya wote. Nilimwona yule mtu akimtazama Gabrieli, akaitazama bunduki, akamtazama tena Gabrieli, na kofia yake akaivua. Baba yako hakutufuata kwenye gari wala hakupiga simu wiki ile, na mimi namhesabia hilo kuliko yale maneno.

Bawaba ilikuwa imelegea. Baba Mkubwa aliinua bunduki dirishani, akaona mwanga unapenya pale pasipotakiwa kupenya, akaifuta, akairudisha kwenye kasha. Vuli hiyo hakwenda shambani. Alisema atakwenda mwakani, na mwakani miguu ilikataa. Tulipokuwa kwenye matanga yake, watu bado wanaimba, baba yako alinivuta pembeni jikoni akaniuliza, "Shemeji, na ile bunduki je?" Nilikuwa nimeshika sufuria ya chai ya moto. Mungu ndiye aliyenizuia.

Mzee alikuwa ameshanikabidhi mapema. Neno lake lilikuwa fupi: "Hii usimpe Gabi." Nilipeleka bawaba kwa fundi, ikakazwa, na bunduki iko chumbani kwangu. Alinikataza kumpa Gabi. Kuhusu mtoto wa Gabi hakusema lolote, na nimelifikiria hilo tangu juzi.

Basi nikupe nasaha yangu, ingawa juzi uliigiza kushika bunduki, mikono mitupu, ukatingisha kiganja vile vile kama baba yako, na nilikaribia kukufukuza. Kupenda vitu vya kale ni rahisi, mwanangu. Havikohoi, havirudii hadithi, havivai koti la kanisani mbele ya marafiki zako. Bunduki hii haikushuka mbinguni, ina watu. Wenzako watakuzunguka, wataipapasa, watakuuliza imetoka wapi. Uwaambie ilikuwa ya mkulima aliyempenda kijana mgeni, kisha ikawa ya Anyosisye, Mnyakyusa wa Tukuyu, babu yako. Litamke jina lote, hata likiwashinda, wasubiri walijaribu. Na kama kuna mzee wa kwenu aliyesimama nyuma yao, mwite aje mbele kabla hujaionyesha bunduki. Kitako usikiguse. Kikikuumiza bega kwa ufupi wake, jifunze kukizoea.

Mungu akujalie mkono mtulivu, na ulimi usiowaonea haya watu wa kwenu. Akupe vuli nyingi kwenye shamba lile, binti wa mkulima bado yupo na nimeshaongea naye. Wakati wa uzee wako akupe mtoto wa kukuita baba mbele za watu.

Njoo Jumapili baada ya ibada, na baba yako uje naye. Mwambie nimesema aje. Nitaifungua bunduki mezani mbele yenu wote wawili, na nitamwuliza kama amekula.