Kabari za Dumu

Magoti yangu yaligoma baada ya miaka mingi ya kuongoza wageni mlimani, na daktari akaniambia nisipande tena. Nikarudi Old Moshi kwa mama. Nilikaa kihambani, kwenye migomba yetu, nikiutazama mlima kama mtu aliyefukuzwa kwao. Siku hizo nilikuwa na hasira hata na kuku.

Kilichobaki ni ubao alioniachia mgeni mmoja. Chini yake kuna nguzo ndefu, na chini ya nguzo mabawa mawili, kubwa mbele na dogo nyuma. Unavutwa na tiara kubwa, mabawa yanakata maji, ubao unainuka hewani. Nilijiambia, kama miguu imekataa kunipandisha, upepo utanipandisha. Basi kila Jumamosi nikawa nateremka Bwawa la Nyumba ya Mungu.

Nikawa naanguka tu. Kwa mwendo mdogo ubao haukuinuka, kwa hiyo nilichonga kabari nyembamba za plastiki ya dumu, nikazipachika kwenye bawa la nyuma kulilaza tofauti. Moja, mbili, tatu. Ukawa unainuka vizuri hata kwa upepo wa kupepea chai. Lakini mwendo ukikolea, pua ya ubao inapanda yenyewe, bawa linachomoka majini, nami napigwa chini.

Nilirudi nyumbani nikaapa kuutupa. Mama alikuwa uani anasuka ngata ya majani makavu ya mgomba. Tangu usichana wake hufuata nyasi za ng'ombe tambarare na kuzipandisha mlimani kichwani. Nilimweleza habari ya kabari na kuanguka kwangu.

"Unaupanga ukiwa umesimama," alisema.

"Mama, huu si mzigo wa nyasi."

"Mzigo ni mzigo, mwanangu. Ukikaa sawasawa kule chini, kwenye kilima utakuvuta nyuma. Sisi tunaupanga kwa ajili ya kilima. Kule chini tunavumilia, shingo inamalizia."

Nilinuna, kisha nikatoa kabari mbili.

Jumamosi nilimchukua mama twende wote. Mwanzoni ubao ulikuwa mzito, nikavumilia, nikaegemea mguu wa nyuma. Ukainuka. Upepo ukakaza, nikahamishia uzito mguu wa mbele, kidogo tu, na pua ikatulia. Nikaongeza mwendo, ikatulia vilevile. Kelele zote za maji zikakatika. Mbele yangu mlima ulikuwa wazi mpaka kwenye theluji, nami nikiuendea bila goti kuuma. Mungu wangu! Nililia waziwazi, mtu mzima na ndevu zangu.

Nilipotoka majini, mama alikuwa amesimama pale pale nilipomwacha.

"Unajisikiaje kule juu?"

"Hakuna uzito, mama. Hakuna kabisa."

Mkono wake ukapanda taratibu mpaka shingoni, ukabaki hapo. Alikuwa anautazama mlima, upande wa nyumbani.

"Kabisa?" aliuliza.