Cheti cha Mwanangu Kina Jina Nisiloruhusiwa Kuitwa

Admin, naomba unifiche jina. Kwangu mimi uyafiche yote mawili, maana hayo majina ndiyo yaliyonileta hapa.

Nina miaka ishirini na tisa, nakaa Nachingwea mjini, nauza chakula karibu na stendi. Mume wangu ni mpishi kwenye meli ya watalii, zile kubwa zinazozunguka nchi za watu. Tumejaliwa binti mmoja wa miaka saba, nitamwita Zai ingawa si jina lake. Sasa kampuni yao imeruhusu wafanyakazi wapandishe familia zao melini siku chache, kutokea Unguja. Pasi za kusafiria, yangu na ya mtoto, mume alishatushughulikia mwaka juzi alipokuja likizo. Aliponipa habari nilipiga vigelegele peke yangu jikoni, wateja wakadhani nimechanganyikiwa. Leo nikisikia neno meli natamani nizibe masikio.

Huku kwetu binti akitoka unyagoni anapewa jina jipya. La utotoni ndiyo basi tena. Ukimwita mtu mzima kwa jina hilo umemtukana, na unaweza kuitiwa kikao. Mimi nilianza shule kabla sijachezwa unyago, kwa hiyo shuleni nilibaki na la utotoni mpaka nikamaliza. Nilipojifungua Zai kule Ruangwa, karatasi pekee niliyokuwa nayo ni cheti cha shule, nesi akaandika alichokiona. Kitambulisho cha taifa kilikuja baadaye, kikabeba jina ambalo kijiji kizima kinanijua, na pasi ikafuata hilohilo. Sikuwahi kulifikiria. Nani anakaa kusoma cheti cha mtoto?

Tatizo ni kwamba watu wa meli wanataka, pamoja na pasi, cheti cha kuzaliwa kinachoonyesha kwamba aliyefuatana na mtoto ni mzazi wake. Cha Zai kililiwa na mchwa mwaka jana. Nikamchukua tukaenda Ruangwa kutafuta kingine. Tulikipata jioni, magari yameshaondoka, tukaingia gesti.

Kabla sijaendelea, niwaambie kwamba Zai analelewa na mama yangu kijijini Lionja tangu alipoacha kunyonya. Bibi yake ndiye anayemwita mama, na mimi, kwa kuwasikia wadogo zangu, ananiita dada. Mliolelewa na bibi mnaijua hii, hatujawahi kuiona shida.

Dada wa mapokezi akamchangamkia mtoto, "Mrembo, umekuja na nani?"

"Na dada."

Nikacheka, nikasema huyu ni mwanangu wa kumzaa. Yule dada hakucheka. Nikatoa cheti kwa kujiamini kabisa, na kitambulisho, akaviweka pamoja kwenye kaunta.

"Huyu mama wa kwenye cheti yuko wapi?"

"Ni mimi."

"Na huyu wa kwenye kitambulisho?"

"Ni mimi pia."

Akamvutia Zai upande wake wa kaunta, akampa soda, akatuma mtu amwite mwenye gesti. Nilimsikia akisema watoto siku hizi wanaibwa na kama hakuna maelezo polisi waitwe. Mwanangu anakunywa soda ananitazama, mimi siruhusiwi kumshika.

Nikampigia baba yangu. Yule dada wa mapokezi akaichukua simu, akaweka spika. "Mzee shikamoo. Unamfahamu mtu anayeitwa..." Akalitaja lile jina.

Baba akakata simu. Tukapiga tena, hakupokea. Jamani, nilijua nimekwisha.

Aliyeniokoa ni mwenye gesti, mama mtu mzima wa Kimwera kama sisi. Alisikiliza, akaguna, akamgombeza mfanyakazi wake, "Umemtajia mzee wa watu jina la utotoni la mwanawe, unategemea akujibu? Mpe mtoto wake." Halafu akanigeukia, "Mwanangu, hapa umenikuta mimi. Huko melini utamkuta nani?"

Swali hilo linanitesa mpaka sasa. Wakili mmoja ameniambia dawa ni kiapo, baba aje atamke mbele yake kwamba majina yote mawili ni yangu. Nimekwenda Lionja, nimepiga magoti. Baba akasema, "Nilitamke mbele ya mwanamume mgeni? Hiyo ni sawa na kukuvua nguo." Nikamgeukia mama. Akainama tu. "Baba yako akikataa, mimi mdomo nitautoa wapi?"

Mume anasema, "Kiache hicho cheti, njoo na pasi, mengine tutaongea bandarini." Wakili anasema bila cheti sina cha kuonyesha kwamba mtoto ni wangu. Nikikibeba, kinanikana. Nikikiacha, atakayeulizwa ni Zai. Najiona nimekalishwa benchi kwenye chumba cha watu nisiowajua, mwanangu anapelekwa mlango mwingine, baba yake yuko hapo juu melini anatusubiri na hajui. Na nikisema tusiende, mkataba wake ndiyo kwanza unaanza, Zai atamsahau kabisa.

Kwa hiyo nimemleta mjini nimfundishe kuniita mama. Anasahau, nakuwa mkali, anaogopa, na mimi naogopa kuliko yeye. Jana namsuka nikamuuliza tena, "Askari akikuuliza mimi ni nani, utasemaje?"

"Mama."

Nikamsifia. Akageuza kichwa, nywele zake nimezishika mkononi.

"Dada, wakijua naongopa, watanifunga?"

Ndugu zangu, nishaurini nibebe kipi na niache kipi. Mtoto ananisubiri nimjibu.