Isale ya Baba Clara

Elimringi hakuiba maji. Wala hakuuza sukari kwa mlango wa nyuma, wala hakufukuzwa kazi Moshi kabla ya kuhamia Karatu, kama wanavyosimulia sokoni watu ambao hata jina lake la ubatizo hawalijui. Alikuwa mtunza ghala miaka mingi, na mwaka 2005, kampuni moja ya usafirishaji kutoka Dar es Salaam ilipojenga bohari la kanda nje kidogo ya mji, funguo ilimkabidhi yeye.

Kwa mkewe Ndeshi, mwalimu wa sekondari, huo ulikuwa mwaka wa kutembea kichwa juu. Bohari lile lingehudumia loji za ukingo wa kreta na kambi za watalii hadi Ololosokwan. Tluway, mwenye duka jirani, hakuacha kumtania Elimringi.

"Baba Clara, ukishakuwa bosi tutaongea nawe, au tutaongea na geti?"

"Wewe utapitia dirishani, kama mbuzi wako."

Shehena ya kwanza iliondoka wiki ya ufunguzi, siku chache kabla ya sherehe. Ulikuwa ukame. Kule Olbalbal dereva aliwakuta akina mama wa Kimaasai wameketi kando ya njia na watoto, madumu matupu, ng'ombe wamelala na hawainuki. Akakata sili ya kampuni mlangoni mwa lori, akawashushia katoni za maji ya chupa zilizokuwa za kambi. Aliporudi Karatu akamweleza Elimringi peke yake, huku akilia.

"Mzee, wanangu wako shule. Nifiche."

"Sikufichi. Nitakuombea."

Elimringi alikata jani la isale uani kwake. Kwao Machame, anayepelekewa jani hilo hana njia ya kukataa kusamehe, na mtu mzima anaweza kulibeba kwa niaba ya mkosaji. Akishalibeba, kosa limekuwa lake. Hageuki tena kumtaja mwenzake. Mkurugenzi wa kanda, Sylvesta, alikuwa Mchaga kama yeye, wa Rombo. Elimringi aliona jambo limekwisha.

"Mpelekee nyumbani kwake," Ndeshi alimwambia. "Si mbele za watu."

"Mbele za watu ndiyo hatathubutu kulikataa, Mama Clara."

Hapo ndipo alipokosea. Siku ya ufunguzi, utepe ulipokatwa tu, alimkabidhi Sylvesta lile jani kwa mikono miwili. Sylvesta akalipokea akitabasamu. Wageni wa Dar wakapiga makofi, wakidhani ni pambo la sherehe. Wachaga waliokuwepo hawakupiga makofi. Walitazamana. Msimamizi wa bohari amebeba isale kabla bohari halijafunguliwa sawasawa: wangeelewa nini kingine?

Jumatatu Elimringi aliitwa ofisini. Dereva alikuwa amekwisha kuulizwa kuhusu upungufu. Woga ulimshika, akasema mzigo ulitoka boharini ukiwa pungufu.

"Mzee, kwa mila nimekusamehe," Sylvesta alisema. "Lakini kampuni haina mila. Isale imetoka mkononi mwako. Kama ni ya mwingine, mtaje."

Elimringi akaweka funguo mezani, akatoka.

Ndeshi alimsihi aseme. Alimsihi kwa upole, kisha kwa hasira, kisha akachoka. Watu waliokuja kumposa Clara walituma ujumbe kwamba wanafikiria kwanza, wakanyamaza moja kwa moja. Tluway aliacha utani, na hilo lilimuuma Elimringi kuliko matusi. Akawa anakaa barazani, na lori la kampuni likipita anainamisha uso mpaka mlio uishe. Alikufa masika ya 2007. Mazishini mchungaji alizungumza kwa kifupi, kama mtu anayepita kwenye matope.

Dereva hakuja.

"Mama, mtaje sasa," Clara alisema walipobaki peke yao. "Baba hayupo tena."

"Neno lake lipo."

"Na sisi je? Tutaitwa watoto wa mwizi hadi lini?"

Ndeshi analipima hilo hadi leo. Kumtaja dereva ni kulisafisha jina la Elimringi kwa kulivunja neno lililomuua. Kutomtaja ni kuwaachia watu midomo yao. Kila njia aliyoifikiria imemrudisha palepale, kwenye kaburi lile.

Kwa hiyo jina la dereva haliandikwi hapa. Anayelitaka asibishe hodi kwa Ndeshi. Hatafunguliwa.