Mama Vichupa na Kisima cha Dada Yake

Mtaani walimwita Mama Vichupa, na jina likamkaa. Kazi yake ilikuwa kuyafuata mafuta yaliyopotea chini ya ardhi. Tangi la kituo cha mafuta likitoboka, nani ataona? Petroli inanywewa na udongo, inashuka mpaka kwenye maji, halafu inaanza safari yake kimya kimya kuelekea visima vya watu. Hapo ndipo alipoitwa yeye, na glavu zake, na boksi lake la barafu, na vichupa vyake vidogo.

Na hakujua kutulia, jamani! Alikula amesimama, alizungumza nawe huku anafunga mlango. Mumewe, fundi cherehani, alisema kumpima gauni mke wake ni kumkimbiza chumba kizima na futi mkononi. Kichupa tu ndicho kilichomtuliza. Kichupa hujazwa mpaka maji yavimbe juu ya mdomo, kikafungwa, kikageuzwa kichwa chini, kikagongwa kwa kidole. Ukiona kiputo cha hewa, mwaga, jaza upya. Maana petroli haina subira. Ikipata kanafasi ka hewa inahama kutoka kwenye maji, na maabara itakuletea jibu zuri la uongo. Wageni kazini aliwafokea kwa hilo mpaka wengine wakatoa machozi.

Sasa angalia mambo. Kituo kilichovuja safari hii kilikuwa juu kidogo ya mtaa wa dada yake, huyo huyo aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Dada alikuwa na kisima uani, alichokichimba marehemu mumewe kwa mikono yake, na ole wako ukisema neno baya juu ya kisima kile. Siku ya kupima, dada alisimama nyuma yake anaongea bila koma. Mama Vichupa akajaza, akafunga, akageuza. Kiputo hicho hapo, kama punje ya ulezi.

"Nawe! Maji tu hayo, unayakagua kama mtu anayetafuta mkwe," dada akamtania.

Wakacheka wote wawili, na kichupa kikaingia kwenye boksi.

Kwa nini? Msiniambie alisahau. Mwanamke yule hata usingizini angekimwaga. Alitaka maji yale yawe safi, basi. Alitaka sana, na mkono ukaenda kule moyo ulikotaka.

Jibu likaja: safi. Dada akalitangaza mtaa mzima. Visima vya majirani, wa juu yake na wa chini yake, vikakutwa na petroli na vikafungwa, kwa hiyo watu wote wakahamia kwake na ndoo zao. Dada akawapokea kifua mbele. "Choteni tu! Mdogo wangu kapima mwenyewe!"

Wa juu petroli, wa chini petroli, wa katikati safi? Mafuta yaliruka ukuta? Mama Vichupa alimuuliza mhandisi, mkubwa wake wa kazi. "Inatokea," mhandisi akasema bila kuinua macho. "Ardhi ina mambo yake." Alitamani neno hilo limtoshe. Wapi! Roho ikawa juu juu. Akaosha sahani zilizokwisha oshwa, akawa anatoka nje na kurudi bila kujua alifuata nini.

"Una nini wewe?" mumewe akamuuliza.

"Sina kitu."

"Basi hicho kisicho kitu kitakuua."

Asubuhi moja akapiga moyo konde, akabeba boksi, akaenda. Uani kwa dada ndoo zilipangwa foleni mpaka getini.

"Dada, waambie wasubiri. Wasinywe kwanza. Nataka kupima upya."

"Upya? Kuna nini?"

"Kichupa cha kwanza kiliingia hewa."

"Hewa!" Dada akashika kiuno. "Unakuja kunidhalilisha mbele za watu kwa ajili ya hewa?" Akachota kikombe, akanywa mpaka chini huku amemkazia macho. Mama Vichupa alijaza kichupa, akamwaga, akajaza tena, akamwaga, mpaka kikakaa sawa. Aliwasihi wale watu wafunike ndoo zao. Dada akawaambia wamwache, kazi imemchosha akili, na foleni ikasogea mbele.

Kungoja maabara kulimtesa. Aliwapigia simu mpaka mpokeaji akaanza kumkatia. Hatimaye jibu likatoka: petroli, na si kidogo. Hata glavu hakuvua, alitoka mbio.

Alimkuta dada peke yake anafua. Dada alimtazama usoni mara moja tu, akajua. Akajifuta mikono, akaenda kukifunika kisima, akaegemea mfuniko.

"Ile hewa," akasema polepole. "Siku ile uliiona, au hukuiona?"

Angeweza kusema hakuiona. Nani angejua? Jibu lilikwisha fika mdomoni, limejipanga vizuri, lingemaliza mambo.

"Niliiona, dada."

Heri dada angepiga kelele. Hakupiga. Aliusukuma mfuniko mpaka ukakaa sawa.

"Mimi watu hawa nimewaapia kwa jina lako," dada akasema. "Sina tena uso wa kuwaambia. Nenda kasimame getini. Kila atakayekuja na ndoo, umwambie wewe, kwa mdomo wako. Na umwambie uliiona."

Akaenda akasimama. Aibu ilimbana, na alikuwa na hofu kama ya mtoto. Hakukaa sana, akatokea mama mmoja kijana, mtoto mchanga mgongoni, ndoo mkononi, tabasamu usoni.

"Shikamoo, mama. Wewe ndiye mdogo wake aliyetupimia maji?"

"Marahaba. Ndiye mimi."

"Mungu akubariki, mama. Wiki zote hizi nakoroga maziwa ya mwanangu kwa maji ya hapa tu. Mengine yote nayaogopa."