Shamba Lisilo na Udongo

Nilizaliwa Luberizi, katika bonde la Ruzizi, ambako mtu hujulikana kwa maji anayoyaongoza. Darasani sikuingia. Maneno haya yanaandikwa na mjukuu wangu wa kike, binti wa mwanangu wa kwanza, katika nyumba ya mbao hapa Kadutu, mjini Bukavu, na nimemwonya asiyapambe. Akifika mahali panapomtia haya, aandike na haya yake.

Tangu watu wenye silaha walipofunga barabara ya kushuka bondeni, mimi ni mfungwa asiye na mlinzi. Nilipanda Bukavu kutibiwa goti, nikakusudia kukaa hadi dawa zitakapoisha. Dawa ziliisha, na njia nayo ikaisha. Nyumba ya mwanangu imening'inia kwenye mteremko: ukitoka mlangoni unaona paa la jirani chini ya miguu yako, na ngazi za udongo ambazo mvua huzilamba kila alasiri. Wenye magoti huzipanda na madumu ya maji kichwani. Langu hukataa tangu ngazi ya kwanza. Basi dunia yangu imekuwa benchi, jiko la makaa ambalo mkwe wangu huliita mbabula, dirisha moja linalotazama mabati ya watu, na meza ambayo mjukuu huyu huiinamia akiandika alama zinazofanana na nyayo za kuku.

Mtu akifungiwa, mawazo yake hukimbilia mahali pamoja. Yangu yalikimbilia shamba langu la mpunga. Niliamka nalo, nikalala nalo. Nilisikia maji yakipita katika majaruba, vile vipande vilivyozungushiwa matuta, hata hapa ambapo maji pekee ni yale ya madumu.

Shamba lile halikununuliwa. Baba yangu alipewa na chifu, na desturi yetu ni kwamba shamba lisilo na mtu wa kusimama kwa ajili yake hurudi mkononi mwa chifu, naye humpa mwingine kabla maji hayajafunguliwa mferejini. Mwana wa mdogo wangu ndiye aliyekuwa akililima kwa niaba yangu. Kupitia yeye chifu aliuliza: mzee amekwama mjini, miguu yake imekwisha, nani atasimama baada yake? Mwanangu, baba wa huyu anayeandika, ni fundi wa redio. Matope huyaogopa kama paka. Sikusita. Mbele yake na mbele ya mkewe, simu ikiwa imewekwa sauti ya juu, nilitamka kwamba shamba ni la mjukuu wangu, kwa kuwa katika ukoo wote ni yeye pekee aliyesomea mashamba.

Nilikuwa na sababu ya kusema hivyo. Katika ujana wangu walikuja bondeni mabwana wa kilimo waliovaa kofia pana, na kila walipokanyaga majaruba yetu walisema “le champ” hiki, “le champ” kile. Kifaransa changu chote ni neno hilo na maneno ya kusalimia. Siku mjukuu alipoingia chuo kikuu, nilimpigia baba yake kuuliza anasomea nini, naye akajibu, “Papa, anasoma théorie des champs.” Théorie sikuijua, wala sikuona haja ya kuijua. Champs niliijua: ni mashamba. Nilichinja jogoo, nikawaambia majirani kwamba Mungu hakuusahau ukoo wangu.

Wakati nikimtaja kwa chifu, mjukuu alikuwa pale pale mezani. Hakusema neno. Nilidhani ni adabu.

Kisha, asubuhi moja, mkwe wangu akichambua sombe, majani ya muhogo, mlangoni, simu ililia. Alikuwa mwana wa mdogo wangu, kutoka bondeni, na sauti yake ilikuwa juu kuliko kawaida.

“Papa mukubwa! Muchele iko inageuka manjano! Majani iko na madoa sawa mutu wa surua. Njo nimesema niulize bibi yako wa université.”

Kwetu babu humtania mjukuu wa kike kwa kumwita bibi yake, yaani mkewe, na ukoo wote hufuata mzaha huo. Nilimkabidhi mjukuu simu kwa fahari ambayo leo sipendi kuikumbuka.

“Mwambie,” nikamwamuru.

Aliishika simu kama mtu aliyeshikishwa mtoto wa mwenzake.

“Tonton, sijue.”

“Hujue nini? Dawa gani nipige?”

“Sijue kitu, tonton. Sijawahi kusoma muchele.”

Kule bondeni kilisikika kicheko. “Eh! Miaka yote ile kwa chuo, na majani ya muchele inakushinda? Bibi ya muzee, banakufundisha nini kule, kupaka poda?”

Baba yake alianza kucheka pia, kicheko cha mtu anayeona sufuria inaanguka na hawezi kuidaka. Mkwe wangu aliacha sombe. Mimi nilichukua simu, nikaizima, nikamwambia mjukuu asimame mbele yangu.

“Champs ni nini?”

“Koko,” akasema, kama tunavyoitwa mababu, “ni champ, lakini haiko shamba.”

“Champ ni shamba. Nililisikia neno hilo kabla baba yako hajazaliwa.”

“Njo vile, koko. Ni neno moja. Lakini mu hesabu inamaanisha kitu ingine.”

Nilimwuliza kwa nini alikaa kimya siku nilipomtaja kwa chifu. Alitazama sakafu, akasema kwamba nilikuwa nimeshachinja jogoo, nimeshawaambia majirani, na kwamba tangu nifungiwe hapa hakuwahi kuniona nikitabasamu ila ninapotaja shamba. Kila siku iliyopita ililifanya neno hilo kuwa zito zaidi kulitamka. Kisha akasema jambo ambalo sasa hivi anasita kuliandika, nami nimemwambia aliandike:

“Nitaacha, koko. Mwaka kesho nitaingia agronomie, ile ya kilimo. Nitashika shamba.”

“Papa, kubali,” alidakia mwanangu. “Mutoto amesema yeye mwenyewe. Na ile kitu anasoma, hata mimi baba yake sijawahi kuelewa itamulisha wapi.”

Sitaficha kwamba nilitaka kukubali. Neno lililotoka kinywani mwa mzee mbele ya ukoo halirudi bila kumwaibisha, na chifu alikuwa ameshapelekewa jina. Ningesema “vema”, na shamba lingebaki katika damu yangu. Lakini sipokei kitu ambacho sijakipima, wala sikubali mtu atupe kitu ambacho sijakiona. Nikamwambia, “Kwanza nieleze hicho unachotaka kukiacha. Kwa Kiswahili. Usinidanganye kwa Kifaransa.”

Alivuta kigoda. Alianza vibaya, akarudi nyuma, akaanza tena.

“Koko, angalia hii chumba. Mu kila fasi kuko joto yake. Karibu na mbabula ni mingi, karibu na mulango ni kidogo. Ukichukua joto ya kila fasi, yote pamoja, bila kuruka hata moja, ile njo banaita champ.”

“Na nani anailima?”

“Hakuna mutu, koko.”

“Inazaa nini?”

“Kuko champs zingine, za vitu vidogo kabisa. Ile njo inazaa mwangaza, chuma, hata huu mukono yako. Lakini ile ni ya kiburi. Ukiiuliza: pa ncha ya sindano, pale pale, uko na kiasi gani? Haijibu. Inabidi uulize kipande, hata kiwe kidogo namna gani, lakini kipande.”

Nikasema hilo halinishangazi. Hata mfereji hauulizwi maji ya tone moja.

“Hapana, koko, haiko sawa na mufereji,” alinikatiza, na ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kunikatiza. “Tone ya maji iko, ni weye tu hutaipima. Hapa jibu yenyewe haiko. Sasa, ile champs inagusana, na inagusana pale pale pa ncha. Ukitaka kuhesabu, unazidisha kitu isiyo na jibu na kitu isiyo na jibu. Inatoka hesabu isiyo na mwisho.”

“Basi hesabu yenu imeoza.”

“Batu ba fizikia banaikata ile isiyo na mwisho, banatupa, banabakia na kidogo. Na ile kidogo, koko, machine inapopima, inakuta ni kweli. Banavuna kila siku.”

“Wanavuna nini, ikiwa shamba lenyewe hamjui kama lipo?”

Hapo mjukuu wangu aliinuka kutoka kwenye kigoda. Mkwe wangu anasema alipiga makofi. Mimi sikuona makofi, niliona uso. Nimemjua mtoto huyu tangu amebebwa mgongoni, na uso ule sikuwa nimewahi kuuona.

“Njo ile! Ile njo kazi yetu! Mavuno tunaiona, lakini udongo ya chini hakuna mutu ameionyesha. Kuuliza kama shamba iko kweli, au tunavuna tu kwa bahati.”

Alinieleza kwamba kwa dunia yetu hii, yenye urefu, upana, kimo na wakati, hakuna aliyewahi kuuonyesha udongo huo kwa champs zinazogusana. Wameweza tu kwa dunia ndogo za kubuni, mojawapo ikiwa uzi mmoja, yaani urefu mtupu, na wakati wake. Kazi yake ya mwisho ya chuo ni kuifuata njia hiyo ya uzi, hatua kwa hatua, bila kuruka. Alikuwa amekwama pale anapopaswa kuonyesha kwamba nguvu ya champ ina chini yake, kwamba haishuki na kushuka bila kikomo. Ikikosa chini, alisema, hakuna kitakachosimama, si nyota, si kikombe. Na chuo kilikuwa kimefungwa, mwalimu wake amekimbia ng'ambo ya mpaka, hakuna wa kumwuliza. Alikuwa amekwama kama mimi nilivyokwama, meza kwa benchi, na kwa muda wote huo nilikuwa nimeketi kumtazama nikidhani anapanga matuta.

Sikuelewa hata nusu, na siwezi kujifanya nimeelewa. Nilichoelewa ni kwamba alipokuwa akitamka “nitaacha” sauti yake ilikuwa ya mtu anayekunja nguo za marehemu. Nimewaona watu wakilima kwa adabu, kwa kuwa baba alisema, kwa kuwa mama mkwe anatazama. Mpunga wao huota, kisha huliwa na magugu. Mtu wa namna hiyo huliua shamba polepole, na shamba nalo humwua.

Nilimwambia mwanangu anipigie bondeni.

“Papa mukubwa, bibi amepata dawa?”

“Hakuna dawa. Ng'oa iliyougua, uichome, usiipitishe kwa majirani. Na leo mwambie chifu jina.”

“Jina ya mutoto si nilishapeleka?”

“Mpelekee lingine. Mpelekee lako. Sema mzee alikosea neno.”

Kisha akasema, sasa bila mzaha wowote, “Papa mukubwa, na weye ukirudia?”

“Nikirudi nitakuwa mgeni wako. Utanipa mkeka.”

Mwanangu aliichukua simu kutoka mkononi mwangu taratibu. “Papa,” alisema, “sasa utangojea nini hapa?”

Nje mvua ilikuwa imeanza kulamba ngazi, na mkwe wangu aliingiza mbabula ndani, moshi ukatujaa sote machoni. Hapakuwa na pa kwenda. Chumba kilekile, benchi lilelile. Ila kitu kilichokuwa kikinivuta nje ya kuta hizi, nilikuwa nimekikata kwa kinywa changu mwenyewe.

Mjukuu alikuwa akilia. Nilimkemea. Nikamwamuru arudi mezani, atafute pale alipokwama, na asome.

“Ni Kifaransa, koko, na alama tu. Hutasikia kitu.”

“Soma.”

Akaanza kunong'ona kama mtu anayeungama. Nilipiga bakora sakafuni.

“Kwa sauti,” nikamwambia. “Mtu aliyegharimu shamba hanong'oni.”