Gari Halitoki Mpaka Mama Apande

Saa nne asubuhi gereji imejaa kelele za nyundo, lakini gari dogo jeupe halisogei. Funguo ziko mfukoni mwa ovaroli ya fundi umeme anayeitwa Dada Fyuzi, na hazitoki.

"Taa ya injini imezima, gari linanguruma vizuri. Unasubiri nini tena?" anauliza mwenye gari, mwalimu wa shule.

"Namsubiri mama yako."

"Jamani, Fyuzi anatafuta mkwe!" anapaza sauti fundi aliyelala chini ya lori.

"Mama yako alikuja kuniposea, nikamkataa," anajibu Dada Fyuzi bila kugeuza shingo.

Gari hili huzima katikati ya mlima. Limeshaletwa mara mbili, na mara zote mashine ya kupima ilionyesha ubovu uko kwenye pampu ya mafuta. Mafundi wakabadilisha pampu, wakalizungusha gari uwanjani likiwa tupu, wakalikabidhi. Likazima tena.

Safari ya tatu Dada Fyuzi akakataa pampu nyingine. Mwenye gereji akamwambia wazi: likirudi tena, avue ovaroli aende.

"Nina miaka kumi na moja kwenye kazi hii, na nimefukuzwa gereji tatu," anasema. "Zote kwa kukataa kutoa gari ambalo sijalijaribu. Kuzima kwa taa si kupona."

Yeye aliuliza swali ambalo wenzake hawakuuliza: likizima, nani huwa amekaa wapi? Ikaonekana kila mara mama yake mwalimu yuko kiti cha nyuma, anapelekwa kliniki. Akang'oa kiti hicho. Chini yake waya wa pampu ulikuwa umechubuka, na mtu akikaa gari likipanda mlima, chuma cha kiti kinaukandamiza, pampu inakosa umeme. Akaweka waya mpya na kuupitisha pembeni.

Mama anafika, mnene, mcheshi, anahema.

"Likizima naambiwa nishuke. Nikishuka tu, linawaka!" anasema. "Mwanangu akaanza kuniangalia kama nina nuksi. Siku hizi kliniki naenda peke yangu."

Mwalimu anatazama viatu vyake.

"Kaa palepale unapokaaga, mama," anasema Dada Fyuzi, anashika usukani. Mwalimu anakaa kiti cha mbele.

Mwenye gereji amesimama getini. "Ukirudi unavutwa kwa kamba, humu usiingie."

"Nikirudi naendesha, utanipisha."

Mlimani anaweka gia ya pili. Wanapofika pale linapozimaga, anakanyaga mafuta. Gari linapita. Anageuza, anashuka mlima, anaupanda tena. Mara ya tatu anasimama kabisa kwenye mteremko, kisha anaondoka. Injini haijakohoa hata kidogo.

"Kwa hiyo hakikuwa kisirani changu," anasema mama taratibu.

"Ilikuwa waya, mama. Tangu mwanzo."

Mwalimu anageuka nyuma. "Mama, Jumatatu nakupeleka mimi."

Getini mwenye gereji anapisha, lakini hanyamazi. "Umechoma mafuta ya safari tatu kwa gari moja. Kesho usinifanyie hivi."

"Kesho nitafanya hivihivi," anajibu. "Mashine ya kupima ya kwangu mwenyewe nimeshalipia nusu. Ukinifukuza nitafungua gereji yangu upande wa pili wa barabara, na yale yanayokushinda utaniletea."